Utamjuaje Mchezaji wa DayZ Anayejua Kuishi

Jioni moja kijana wa jirani yetu hapa Tiwi, pwani ya Kenya, alikuja na pedi yake mkononi, akaketi mbele ya skrini, akaniambia, "Mjomba, niangalie nikicheza, halafu uniambie kama najua." Ana shabaha nzuri, nimeshamwona kwenye magemu mengine. Lakini hii ilikuwa DayZ, na kwenye DayZ mimi huanza kwa kumwangalia mtu miguu.

Kila mtu huamkia ufukweni. Una nguo ulizovaa, bendeji, tunda moja, na mbele yako nchi ya kubuni iitwayo Chernarus, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 225 hivi, iliyochorwa kwa kufuata ardhi ya kweli ya Jamhuri ya Cheki. Mkononi huna ramani wala silaha. Hakuna anayekuonyesha mshale wa kwenda. Ukifa, kila ulichokiokota umekipoteza, na unaanza tena mchangani. Kijana alipoamka alikata mbio moja kwa moja mpaka Elektrozavodsk, mji mkubwa wa pwani, kwa sababu alisikia kwamba bunduki ziko mijini. Alikufa kabla chai yangu haijapoa. Mtu aliyekuwa dirishani alimwona akitoka mbali.

Asiyeijua asili ya gemu hii atampima mchezaji kwa kipimo kisicho chake. Aliyeibuni, Dean Hall, alikuwa mwanajeshi wa New Zealand, na wazo lilimjia baada ya mafunzo ya msituni huko Brunei ambako njaa ilimtesa vibaya. Mwaka 2012 aliitoa kama nyongeza ya gemu nyingine ya kivita, Arma 2. Kampuni ya Bohemia Interactive ya huko Cheki ikaifanya gemu kamili, ikakamilika mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafika kwenye PlayStation 4. Bunduki zimo, na watu hulengana kweli kweli, lakini moyo wake ni mtu mwenye njaa msituni. Kwa hiyo anayejua kulenga peke yake ni fundi wa nusu kazi.

Sasa miguu. Viatu huchakaa kadiri unavyotembea, na vikiisha ukaenda pekupeku, nyayo huchanika na damu ikaanza kutoka. Mchezaji mzuri akiona maiti au nyumba, jicho lake huenda kwenye viatu kabla ya kwenda kwenye bastola. Waangalie wavuvi wa pweza wetu maji yakipwa, wanapotoka kwenda mwambani. Hakuna anayekurupuka. Mtu huangalia kwanza alichovaa miguuni, huangalia maji yamefika wapi na yatarudi saa ngapi, ndipo apige hatua, na chuma chake hukitumia mwisho. Wageni wanaopelekwa kuona kile kidimbwi cha mwambani chenye umbo la Afrika hukimbilia picha, na bahari huwakumbusha kwa kuwalowesha mpaka kiunoni. Yule anayecheza kama mvuvi wa pweza utamtambua katika dakika tano za kwanza: anaokota vijiwe ili achonge kisu cha jiwe, anakata nguo ya ziada iwe vitambaa vya kufungia kidonda, anazunguka chini ya miti ya matunda. Asiyejua atasema anapoteza muda.

Pembeni mwa skrini kuna vialama vya maji, chakula, joto, damu na afya. Wengi huangalia rangi. Kialama kikiwa cheupe hawajali, kikiwa chekundu wanababaika. Fundi huangalia vishale vidogo kando ya kialama, vile vinavyoonyesha kitu kinapanda au kinashuka, na kwa kasi gani. Alama nyeupe yenye vishale vya kushuka ni habari mbaya kuliko ya njano iliyotulia. Ukitaka kumpima mtu bila kumuuliza swali, ngoja amalize kula kisha uone kama macho yake yanarudi pale pembeni.

Kwenye maji nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapotoa hukumu yangu ya kwanza nzito. Chernarus ina mabomba ya visima vijijini, na maji yake ni salama. Ina pia vijito na mabwawa yanayoonekana safi kabisa, na ukiyanywa bila kuyachemsha au kuyatia dawa unaweza kupata kipindupindu: unatapika, unaishiwa nguvu, na ule ugonjwa unamaliza kile ambacho risasi haikuweza. Maji ya bahari hayanyweki. Sisi wa Tiwi hatuhitaji kuelezwa thamani ya kisima, maana visima vya hapa kwetu ndivyo vinavyopeleka maji mpaka Likoni. Lakini kunywa kisimani ni nusu tu. Ukichuna kuku au nguruwe mwitu, mikono hubaki na damu, na ukila kwa mikono hiyo unapata ugonjwa wa tumbo. Unaweza kuichoma nyama yako ikaiva vizuri, ukaiharibu kwa vidole. Kwa hiyo mimi humtazama mtu anapofika kwenye bomba akiwa na mzoga nyuma yake. Akinywa kwanza halafu akala, najua bado. Akinawa, ninavuta kiti karibu.

Kisha sikio. Hili huwezi kulihukumu kama chumba kina kelele, na vyumba vyetu vya gemu vina kelele: mmoja anashangilia, mwingine anamwita mwenzake barabarani, redio inaimba. Mchezaji wa kweli huvaa hedifoni na kuwaomba wenzake utulivu, na naona hilo ni adabu ya kazi. Ukikimbia, nyayo zako mwenyewe na pumzi yako hufunika kila sauti nyingine. Ndiyo maana fundi hukimbia kidogo kisha husimama. Anasimama ukingoni mwa msitu kabla ya kuingia uwanda, anasimama nyuma ya nyumba kabla ya kuuzunguka ukuta, na ule muda wa kusimama ndio kazi yenyewe. Changarawe hulia tofauti na majani, mbao za ghorofani tofauti na saruji. Mlango ukifunguliwa nyumba ya pili, anajua. Na mazombi wanaozurura Chernarus nao ni mashahidi: zombi aliyetulia hunguruma polepole, zombi aliyemwona mtu hupiga ukelele. Ukisikia ukelele huo nawe umejificha, basi kuna mtu mwingine, na sasa unajua yuko upande gani. Siku moja nilikaa kichakani nikisikiliza makelele hayo yakihama kutoka nyumba hadi nyumba, nikamfuata mtu kijiji kizima bila kumwona hata mara moja. Nilipoona amepita, nikaingia nyumba ambazo hakuzigusa. Katika miaka yangu ya kucheza, hiyo ndiyo dakika ninayoikumbuka kwa furaha kubwa, na sikufyatua risasi.

Kuhusu bunduki sina maneno mengi. Bunduki iliyochakaa hukwama, kwa hiyo hali yake ni muhimu kuliko jina lake, na bunduki yoyote bila risasi zake ni mzigo tu unaokumalizia pumzi. Mlio wake huenda mbali sana, ukawaita mazombi na watu kwa pamoja. Anayejua, kabla ya kufyatua, ameshachagua njia ya kuondokea. Vivyo hivyo moto: utakupa joto nguo zikilowa, lakini moshi huonekana mchana na mwanga usiku, na ni bora ukamue nguo zako kwanza ndipo ufikirie kuwasha.

Watu ni mtihani mgumu zaidi. Unaweza kuzungumza na mgeni kwa sauti yako mwenyewe, na hapo ndipo tabia ya mtu hutokea. Wapo wanaopiga risasi kila kinachotembea, na wanadumu kiasi. Mimi ninamheshimu zaidi yule anayetoa salamu akiwa nyuma ya ukuta, anamwuliza mgeni ana shida gani, anamwachia chakula chini na kurudi nyuma ili mwenzake akichukue bila hofu. Kwa kufanya hivyo anajua mgeni ana silaha gani, yuko peke yake au la, na mara nyingine anapata mwenza wa safari. Ila ukarimu wa kumkimbilia mtu ukiwa wazi uwanjani ni ujinga, na sitaupamba.

Jambo la mwisho ninaloliangalia, karibu kila mtu hulisahau: mtu anaondokaje kwenye gemu. Ukitaka kutoka, DayZ hukuhesabia sekunde kwanza, na muda huo mwili wako umo ulimwenguni bado, hauwezi kujitetea. Anayezima katikati ya barabara amejiuza. Hapa kwetu stima inaweza kupotea bila taarifa wakati wowote, hasa mvua za masika zikianza, kwa hiyo fundi wa pwani ana desturi yake ya ziada: akimaliza shughuli ya mjini hakai kupanga mkoba wake pale pale. Hurudi msituni, hutafuta kichaka kizito mbali na njia, na mambo ya kupanga huyafanya akiwa amekwisha kujificha. Stima ikienda, imemkuta mahali pazuri.

Yule kijana alicheza tena jioni ile ile. Mara hii hakwenda mjini. Alifuata reli, akaokota vijiwe, akapata kisu, akamkamata kuku nyuma ya banda la kijiji kidogo ambacho jina lake hakujali kulisoma. Akamchuna. Kulikuwa na bomba la maji hatua kama ishirini kutoka pale, na bomba lile liko wazi, mtu yeyote anaweza kukulenga ukiwa umeinama. Akasimama ukutani. Akasikiliza. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na nane. Akaenda, akainama, na kabla ya kugusa kitu kingine akaanza kunawa mikono.

Nikavuta kiti.