Raia ni Mtoto wa Raia: Hesabu ya Makongeni

Kwa miaka mingi kijana wa Kimakonde wa Makongeni, Msambweni, huko Kwale, akienda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cha mzazi. Mzazi hana. Hana kwa sababu naye aliambiwa alete cha mzazi wake, mzee aliyetoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kibarua cha mkonge na miwa.

Wengi huuita huu mzunguko mtupu. Mimi nasema nusu yake tu. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye, siku alipozaliwa, baba au mama yake alikuwa raia. Raia anafafanuliwa kwa raia, sawa, lakini fasili ya namna hii haina ubaya mradi ina pa kuanzia. Kenya iliweka pa kuanzia tarehe 12 Desemba 1963: aliyezaliwa nchini akiwa raia au mlindwa wa Uingereza, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa nchini, alikuwa raia papo hapo. Alikozaliwa mtu panajulikana bila kuuliza kwanza kama ni Mkenya. Hapo ndipo mnyororo unaposhika.

Mzee wa Msumbiji hakufungwa kwenye pete hiyo ya kwanza ya mnyororo. Basi kanuni ya mzazi ikiachwa peke yake, mjukuu angeweza kuleta kila karatasi na bado asifike popote. Kuongeza ushahidi kusingesaidia. Kilichohitajika ni pete ya pili.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliitia: asiye na uraia wa nchi yoyote, na aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, aliweza kuomba asajiliwe. Makazi ni kigezo kizuri, maana majirani wanaweza kuyashuhudia. Sharti la kutokuwa na nchi nyingine ndilo gumu: utaonyeshaje kitu ambacho huna?

Sheria ikakaa kwenye karatasi hadi Oktoba 2016, Wamakonde waliposhika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wakaitwa kabila la 43, jina ambalo kigezo cha makazi hakikulihitaji hata kidogo. Wapemba wa pwani ya Kenya nao walingoja uraia hadi 2023.