Majimbo Hamsini Mbele ya Kipaza Sauti

Anayehudhuria jioni ya waandishi kwa ajili ya mkusanyiko wa insha husikiliza matini mbili kwa pamoja: kitabu kilichokwisha kuchapwa, na kingine kinachotungwa palepale jukwaani kwa kuteua, kufupisha na kupanga upya. State by State, uliohaririwa na Matt Weiland na Sean Wilsey mwaka 2008, unastahili kusikilizwa hivyo, kwa kuwa muundo wake ndio hoja yake ya kwanza. Waandishi 50 wamegawiwa majimbo 50 ya Marekani, kila mmoja na lake, kwa kufuata nyayo za vitabu vya mwongozo ambavyo serikali ya Roosevelt iliwalipa waandishi kuviandika katika miaka ya 1930.

Mpangilio ni wa alfabeti, si wa ramani. Waweza kudhani huo ni uamuzi wa kikarani tu, lakini tazama unachokizaa: New Jersey na New York, zinazotazamana ng'ambo ya mto Hudson, zinatenganishwa na New Mexico, nchi kavu ya mbali kabisa kusini-magharibi. Ujirani huu wa kialfabeti unazivunja kanda tulizozoea, Kusini, New England na nyinginezo, na kulilazimu kila jimbo lijieleze pasipo kuegemea sifa za jamaa zake. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkuu wa wahariri, na ndio wa kwanza kupotea jukwaani. Waandishi wanne au watano walioketi pamoja hawawezi kuubeba mfuatano wa hamsini, na sikio huwaunganisha hao waliopo likawafanya ukanda mpya.

Michoro nayo haisomeki kwa sauti. Vermont ya Alison Bechdel na Oregon ya Joe Sacco ni simulizi za katuni, ambazo jicho huziona ukurasa mzima kabla ya kuanza kusoma neno.

Kinyume chake, New York ya Jonathan Franzen inasubiri mdomo. Ni mahojiano ya kubuni ambamo jimbo limefanywa mwanamke mashuhuri, na mhoji, kabla ya kumfikia, hukabidhiwa kwa afisa uhusiano, wakili, mwanahistoria na mwanajiolojia. Kwa ukurasa, kusubiri huko twakupita upesi. Kwa sauti, kila msemaji mpya hudai pumzi na lafudhi yake, nasi tunakaa sebuleni pamoja na mhoji, tukicheleweshwa kama yeye. Rhode Island ya Jhumpa Lahiri, alikolelewa, haihitaji tamthilia ya namna hiyo: nafsi ya kwanza inatosha kuibeba.

Mwishoni, nje ya hesabu ya hamsini, wahariri wameweka mazungumzo na Edward P. Jones kuhusu Washington, D.C., mji usio jimbo. Hadhira inapoanza kuuliza maswali, basi, haiongezi kiambatisho cha adabu baada ya usomaji. Inaingia katika umbo ambalo kitabu chenyewe kimelichagua kwa kurasa zake za mwisho.