Nani Aaminiwe? Ushahidi na Fani katika Tawasifu za Watumwa wa Marekani

Utangulizi

Ni desturi ya wasomaji wengi, na pengine sisi walimu wa fasihi tumeichangia, kuzisoma tawasifu za waliokuwa watumwa wa Marekani kana kwamba ni hifadhi ya matukio tu. Msomaji huingia humo kutafuta mijeledi, minada na mbwa wa kusakia watoro. Akishavipata, hufunga kitabu akaridhika kwamba ameujua utumwa. Makala haya yanadai kwamba usomaji wa namna hiyo unawapunja watunzi. Harakati za kudai usawa hazimo katika maudhui ya vitabu hivi peke yake. Zimo pia katika fani, yaani katika jinsi mtunzi anavyoyapanga maneno yake ili aaminiwe na watu ambao sheria yao ilikuwa imekwisha kuamua kwamba neno lake si neno. Tutavichunguza vitabu viwili: Narrative of the Life of Frederick Douglass (1845), na Incidents in the Life of a Slave Girl (1861) cha Harriet Jacobs.

Mtumwa mbele ya sheria

Fani haizuki pasipo na jamii. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mtu mweupe. Jimbo la North Carolina, alikozaliwa Jacobs, lilipiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika kwa sheria ya mwaka 1830. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ya nchi ilitamka kwamba watu weusi wa uzao wa watumwa, hata walio huru, hawawezi kuwa raia wa Marekani. Aliyenyimwa mahakama ilimbidi atafute baraza jingine, na kitabu kikawa baraza hilo. Lakini hata humo aliulizwa swali lile lile: nani atakudhamini?

Douglass na wadhamini wake

Kitabu cha Douglass kilipotoka Boston mwaka 1845, kilitanguliwa na dibaji ya William Lloyd Garrison na barua ya Wendell Phillips, wote wawili wapinga utumwa weupe. Mweusi alisema, weupe wakathibitisha kwamba amesema kweli. Hata hivyo jalada lilitangaza kwamba kitabu kimeandikwa na mwenyewe, na maneno hayo machache yanashindana na kurasa zote za wadhamini.

Ufundi wa Douglass unaonekana zaidi pale anapoeleza alivyoanza kusoma huko Baltimore. Bibi yake, Sophia Auld, alikuwa amemfundisha herufi. Mumewe, Hugh, akamkataza, akitoa sababu kwamba elimu humharibu mtumwa. Mtunzi hasimulii tukio hili kwa machozi. Analijenga juu ya mkinzano: lile analoliogopa bwana ndilo mtumwa anapaswa kulitafuta, na katazo lenyewe linageuka kuwa somo. Mkinzano huo huo unatawala sura ya pigano lake na Edward Covey, mwaka 1834, ambapo aliyevunjwa anasimama tena. Hapa tunasikia sauti ya mtu aliyejifunza kwa kitabu cha hotuba, The Columbian Orator, alichokinunua akiwa bado kijana mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki hawapaswi kulipita haraka. Douglass alitoroka mwaka 1838, lakini katika kitabu hiki anakataa kusema alivyotoroka. Sababu anayoitoa ni kuwalinda waliomsaidia na kutowafungia njia watakaofuata. Ilipofika mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwisha kufutwa, ndipo alipoeleza katika Life and Times kwamba alisafiri kwa treni akiwa na hati ya baharia aliyoazima. Kwa msomaji aliyelelewa katika fasihi yenye mafumbo, kunyamaza huku ni kauli kamili. Mtunzi anamwambia mfadhili wake kwamba si kila kitu cha mweusi ni haki ya mweupe kukijua.

Mwaka 1855 alitoa tawasifu ya pili, My Bondage and My Freedom. Safari hii dibaji iliandikwa na James McCune Smith, daktari mweusi. Kati ya vitabu hivyo viwili Douglass alikuwa ameanzisha gazeti lake mwenyewe, The North Star (1847), na kutofautiana na Garrison. Anaeleza jinsi marafiki zake weupe walivyomtaka jukwaani atoe matukio tu, wao wabaki na kazi ya kuyatolea falsafa. Mabadiliko ya dibaji, basi, ni sehemu ya historia ya ukombozi wenyewe.

Jacobs na hukumu ya wahakiki

Harriet Jacobs hakupata bahati hiyo. Alitumia jina la kubuni, Linda Brent, akabadilisha na majina ya wahusika wengine; mhariri wake alikuwa mwandishi mweupe, Lydia Maria Child. Kwa muda mrefu kitabu chake kilidhaniwa kuwa riwaya, au kazi ya Child mwenyewe. John Blassingame, mwanahistoria mweusi aliyeheshimika, alikikataa katika The Slave Community (1972) kuwa hakiaminiki. Ni Jean Fagan Yellin aliyethibitisha, kwa kutumia barua za Jacobs, kwamba kitabu ni chake na maisha ni yake. Toleo lake lilichapishwa mwaka 1987.

Kwa nini Jacobs alishukiwa hali Douglass aliaminiwa? Jibu letu ni kwamba kosa lilikuwa katika mizani ya wahakiki. Douglass alitumia fani ya hotuba, fani ya jukwaani ambayo jamii yake iliihesabu kuwa ya kiume. Jacobs aliwaandikia wanawake wa kaskazini, akachukua mbinu za riwaya za mapenzi na huzuni walizozizoea: mazungumzo marefu, maombi kwa msomaji, aibu isiyotajwa waziwazi. Wahakiki waliona mbinu za riwaya, wakasema ni uongo. Hawakujiuliza mwanamke anayesimulia jinsi bwana wake alivyomwandama kwa tamaa angewezaje kuyasema hayo mbele ya wasomaji wa wakati ule kwa fani nyingine.

Tena hakuzitii mbinu hizo kwa upofu. Riwaya za aina hiyo huishia katika ndoa; yeye anatamka wazi kwamba hadithi yake inaishia katika uhuru, huku akikiri kwamba bado hana nyumba yake. Sura za kujificha kwake ni bora kuliko zote. Kwa karibu miaka saba alikaa chini ya paa la nyumba ya nyanya yake, katika upenyo ambao hakuweza kusimama wima, akiwachungulia watoto wake kwa tundu. Uhuru wa Douglass ni wa mtu mmoja anayepigana na kuondoka. Uhuru wa Jacobs hauwezi kutenganishwa na watoto, wala na nyanya aliyemhifadhi. Kwa upande wake Douglass hamtaji Anna Murray, mwanamke mweusi huru aliyemsaidia kutoroka, mpaka siku ya harusi yao. Ukimya huu wa pili, tofauti na ule wa kwanza, ni dosari.

Dosari hiyo haikubaki kitabuni. Douglass aliunga mkono haki ya wanawake ya kupiga kura huko Seneca Falls mwaka 1848. Lakini mwaka 1869 alishikilia kwamba kura ya mwanamume mweusi itangulie. Marekebisho ya 15 ya Katiba (1870) yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, yasiseme lolote juu ya jinsia. Wanawake walingoja hadi 1920, na weusi wa kusini, wake kwa waume, hadi sheria ya 1965 ndipo kura yao ikalindwa kwa vitendo.

Tamati

Sisi nasi tuna maandishi ya aina hii. Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela kinasimulia habari za watumwa waliookolewa na kuletwa Freretown, Mombasa, na aghalabu tumekilaumu kwa kumsifu mno Mwingereza. Lawama hiyo ina haki yake, maana humo uhuru huletwa na merikebu ya mwingine. Lakini kabla ya kuhukumu, tuulize maswali tuliyowauliza Douglass na Jacobs: kilichapishwa na nani, kwa wasomaji gani, na mtunzi alinyamazia nini? Jacobs alikataliwa zaidi ya miaka mia moja, na waliomkataa walikuwemo wanazuoni waliokuwa upande wake. Mhakiki anayeshika ukweli wa matukio na kuiacha fani anaweza kuupoteza hata huo ukweli anaoutafuta.