Mapenzi ya Chombo Kikuukuu

Atokaye Karatu kwenda Ngorongoro huenda juu ya lami mpaka lango la Loduare. Langoni lami huishia, na barabara ya udongo mwekundu hupanda ndani ya msitu wenye ukungu hadi ukingo wa kreta, kisha huteremka upande wa pili kuelekea mbuga kame za Olbalbal na Oldupai, tawi lake moja likishika njia ya Endulen. Watalii hupita huko ndani ya magari ya Kijapani yenye paa la kufunguka. Wenyeji aghalabu hupita ndani ya chombo kingine: Land Rover ya zamani, ile ijulikanayo kwa inchi 109 zilizo baina ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma, iliyofungwa mabenchi mawili, abiria wakitazamana magoti kwa magoti, magunia ya unga chini ya miguu yao, na juu ya paa madumu, magodoro na pengine mbuzi mmoja. Chombo hicho, kwa waliokiunda, kimekwisha kufa.

Nasaba yake inajulikana. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alichora umbo lake mchangani, katika ufuko wa kisiwa cha Anglesey huko Wales. Na tarehe 30 Aprili 1948 gari lenyewe likaonyeshwa Amsterdam. Asili hiyo ya mchangani na kisiwani yaweza kuwapendeza wasomaji wa pwani, lakini la maana zaidi ni shida iliyolizaa. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kikigawiwa kwa kipimo, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilikuwapo kwa wingi. Ndipo likavikwa mabamba ya alumini yaliyonyooka, yasiyohitaji mitambo mikubwa ya kukunjia, yakaungwa kwa ribiti na bolti. Uchache wake wa mapambo haukuwa falsafa, ulikuwa ufukara. Wapenzi wake wa leo hulisifu kwa usafi wa umbo kana kwamba mtu aliketi akalibuni hivyo kwa ajili ya kulifurahisha jicho.

Umri wake ulikuwa mrefu. Matoleo yalifuatana, jina la Defender likaongezwa mwaka 1990, lakini sura ikabaki ile ile mpaka tarehe 29 Januari 2016, gari la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Solihull. Zaidi ya milioni mbili yalikuwa yamekwisha kuundwa. Maombolezo yakawa makubwa, na kama ilivyo ada ya maashiki, hawakukubali kuzika. Mwaka huo huo kampuni yenyewe ilitangaza kuyahuisha magari 25 ya toleo la kwanza, kuyarudisha kama yalivyotoka kiwandani mpaka rangi na skurubu, na kuwauzia wenye uwezo. Mwaka 2019 ikazindua Defender mpya, iundwayo Slovakia, yenye jina la marehemu na sura ya mtu mwingine. Jim Ratcliffe, tajiri wa viwanda vya kemikali na shabiki wa lile la zamani, alitaka kuununua ule urithi akakataliwa; basi akaanzisha kampuni yake na kuunda gari lake, Grenadier, ambalo lilianza kutoka kiwandani Hambach, Ufaransa, mwaka 2022. Hilo lina sura ya marehemu, na jina la baa ya London ambamo wazo lake lilizaliwa.

Katikati ya hayo palikuwa na kesi. Kampuni ya Land Rover ilitaka kuliandikisha umbo la gari lake la kale kuwa alama yake ya biashara, asiligeze mwingine. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Uingereza iliikatalia: tofauti ambazo mabingwa waliziona kubwa, mnunuzi wa kawaida huenda hata asizitambue.

Msomaji wa ushairi hana ugeni na kesi ya namna hiyo. Umbo ni la nani? Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hakuna aliyefikiri kwamba mizani nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, ni mali yake au ya mwingine awaye yote. Umbo lile ni kama bandari, kila chombo chaweza kutia nanga. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi uliopamba moto ulikuwa juu ya jina: je, maandishi yasiyo na vina nayo yaitwe mashairi? Upande mmoja ukashika umbo, upande mwingine ukadai jina, na kelele zikazidi mashairi. Defender mpya imechukua jina ikaacha umbo; Grenadier imechukua umbo ikaacha jina. Zote mbili ni kazi za watu hodari. Lakini mama aliyekaa juu ya benchi akienda Endulen hayumo katika shauri lao, na hukumu ya London haimpunguzii nauli.

Kwa hiyo uhakiki wa mapenzi haya hauna budi kutoka katika vyumba vya maonyesho na kuingia gerejini. Gereji za Karatu nyingi ni ua tu, udongo wake mweusi kwa mafuta ya injini, na mizoga ya magari matatu manne pembeni ambayo kila siku hupungua kiungo kimoja. Hapo injini ya petroli ya asili, yenye kunywa mafuta bila huruma, hung'olewa na mahali pake hutiwa ya dizeli kutoka gari la Kijapani. Chasisi iliyoliwa na kutu huchomelewa kipande. Springi huongezwa majani ili zihimili magunia. Mlango uliopondeka hutupwa, ukafungwa mwingine wa rangi nyingine, kwani kila kiungo kilifungwa kwa bolti tangu mwanzo, na spana mbili tatu zatosha kukifungua. Baada ya miaka thelathini ya matengenezo hayo, aliyelileta gari nchini akilirudia hatalikuta hata kwa namba ya injini. Mkusanyaji wa Ulaya akiliona hulia, maana kwake hilo si la asili tena.

Neno hilo, asili, ndilo lenye kuhitaji kupimwa. Gari ni neno la Kihindi, meza ni la Kireno, karakana lina ukoo wa Kiajemi. Lugha iliyoyameza maneno hayo haikuacha kuwa Kiswahili, ila kwa wale wachache ambao wangependa kukiona kimekaa kabatini. Fundi wa Karatu ameitendea Land Rover yale ambayo wasemaji wa pwani waliitendea lugha yao kwa karne nyingi. Ametia kilichopatikana mahali pa kilichokosekana, na chombo kikaendelea kubeba.

Unguja ina mfano wake wa karibu zaidi. Mtepe, ile merikebu iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuvuta tanga la jamvi, ulitoweka katika bahari hizi katika karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi waliujenga upya, wakauita Shungwaya, nao ukawekwa uani ndani ya Beit el Ajaib ambako maelfu ya wageni waliutazama. Ilikuwa kazi ya heshima na elimu, wala haifai kudharauliwa. Lakini ulikaa kwenye sakafu, mbali na maji. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile iliporomoka. Wakati huo huo majahazi ya Nungwi, ambayo hakuna aliyeyafanyia maonyesho, yaliendelea kubadilishwa mbao moja baada ya moja. Ni jahazi lipi lililohifadhiwa? Jibu si jepesi kama lionekanavyo, maana maarifa ya kushona mbao yangepotea kabisa lau si wale waliojenga kwa ajili ya kutazamwa.

Hata hivyo fundi naye asitiwe chumvi. Baadhi ya waandishi wa safari humwimba kama mganga afufuaye wafu, wakasahau kwamba gari limefufuliwa kwa sababu jipya halinunuliki. Breki zilizotengenezwa kwa kubahatisha, katika mteremko wenye utelezi na ukungu, si jambo la kupambwa kwa maneno. Abiria kumi na tano wanaokaa mahali pa kumi hawashiriki katika ibada ya umbo lolote. Wapo wasafiri wanaofika hospitali ya Endulen kwa sababu chombo hicho kingali hai, na wapo ambao wangefika mapema zaidi kama kingekuwapo kilicho bora. Sifa imtoshe fundi. Aibu ibaki kwa wengine.

Land Rover pia haikuja nchini kama rafiki wa watu. Ilikuja na mkuu wa wilaya wa kikoloni, ikabaki na ofisa wa serikali huru. Katika miaka ya vijiji vya ujamaa, vumbi lake lilipoonekana kwa mbali, watu walijua kwamba kuna amri inakuja. Mjini Kiswahili kilimwita mkubwa mbenzi. Porini mkubwa yule yule alikuwa akishuka kutoka Land Rover. Wapenzi wa Ulaya hupenda kusema kwamba kwa nusu ya watu wa dunia gari la kwanza kuliona maishani lilikuwa hilo. Hakuna aliyehesabu, na hakuna aliyeuliza watu hao waliliona likileta nini.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo yakaandamana barabarani kwa shabaha ya kuipita rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, ambako yaliandamana magari 632. Ilikuwa furaha, na haikuwa furaha ya bure: gari lililoletwa na mtawala lilishangiliwa na wajukuu wa waliotawaliwa kama kitu chao. Hapo kuna ushindi ambao mhakiki hana haki ya kuunyima. Lakini rekodi ni hesabu ya vyombo vilivyokusanyika siku moja mahali pamoja, na kazi ya Land Rover ya Ngorongoro ni kutokuwa pale, ni kuwa njiani. Iliyoacha abiria ili ihesabiwe Arusha ilitimiza idadi na kukosa maana.

Na hapa jambo hili huacha kuwa la magari. Ngorongoro yenyewe ni mahali pendwa. Ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ikawa hifadhi ambamo watu na wanyama wangekaa pamoja; mwaka 1979 ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Kwenye ukingo wa kreta lipo kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwezi Januari 1959 akiwa katika kuwahesabu wanyama, na mapenzi yake hayana shaka. Lakini mashabiki wa Ngorongoro, wa ndani na wa nje, wamekuwa wakiipenda kama mkusanyaji apendavyo gari: irudi kama ilivyotoka kiwandani, kila kilichoongezwa kiondolewe. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda kuanzia mwaka 1992, kikazuiwa tena mwaka 2009. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema uhamaji ni wa hiari na ni kwa ajili ya kuiokoa hifadhi isizidiwe na watu na mifugo. Wakazi wengi wamekataa, na mwezi Agosti 2024 walijitokeza kwa maelfu barabarani kuyazuia magari ya watalii. Hoja ya kuongezeka kwa watu na mifugo si ya kupuuzwa. La kuulizwa ni kama binadamu wa Ngorongoro ni kutu iliyoingia katika chombo, au ni mojawapo ya mabamba yake.

Magunia yale yaliyo chini ya miguu ya abiria yana jibu lao. Mahindi ya Karatu, yaliyolimwa na Wairaqw upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, hupanda mlima kwa sababu juu hairuhusiwi kulima. Ng'ombe peke yake hatoshi tena kuilisha familia, na unga lazima ununuliwe. Kila marufuku iliyotungwa kwa ajili ya kuhifadhi mahali kama palivyokuwa imeongeza uzito wa shehena juu ya springi za gari ambalo nalo, kwa watu wengine, ni kitu cha kuhifadhiwa kama kilivyokuwa. Wapenzi wa aina hizo mbili pengine hukutana katika hoteli moja juu ya ukingo, wakapongezana.

Jioni Land Rover ya Endulen hungoja pembeni mwa soko la Karatu mpaka ijae, na huchelewa kujaa. Utingo hupanga magunia kwanza, kisha wazee, kisha akina mama wenye watoto, kisha vijana ambao wengine husimama nyuma wameshika chuma cha mlango. Boneti ni ya kijani, mlango wa kushoto ni mweupe, na jina la kampuni lililokuwa mbele limekwisha kubanduka. Dereva huzunguka akigonga tairi kwa mguu moja baada ya jingine, huingia, huwasha. Injini ya Kijapani hukohoa mara mbili, ikashika. Langoni hukaguliwa vitambulisho vya abiria, kisha gari huingia katika msitu na taa zake za njano, gia ya pili, taratibu.