Saa Nane ya Wapi?

Tangaza leo kwamba tovuti ya habari inayoendeshwa na wananchi wenyewe, isiyo na ofisi wala mishahara, inahitaji waandishi, na kabla ya wiki kwisha utakuwa nao. Kila mtu ana jambo aliloliona kwa macho yake: daraja lililobomoka, zahanati iliyoishiwa dawa, mgogoro wa shamba ambao magazeti makubwa hayajaufikia. Tangaza kwamba unahitaji wahariri, kimya. Si ajabu. Mwandishi hulipwa kwa jina lake kukaa juu ya habari. Mhariri akiifanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua kwamba alipita hapo. Hata hivyo naamini kinachozidhoofisha tovuti za namna hii ni uhaba wa wahariri zaidi kuliko uhaba wa waandishi, na kwamba tunawakosa wahariri kwa kuwa tunawaomba vibaya. Tunawaita kama watu wa kuja kufagia uwanja baada ya harusi, ilhali tunachowaitia ni ufundi, tena ufundi wenye utamu wake.

Tuanze Korea Kusini. Tovuti ya OhmyNews ilifunguliwa na Oh Yeon-ho tarehe 22 Februari 2000 kwa msimamo kwamba kila raia ni mwandishi wa habari, na raia 727 walikuwa wamejiandikisha kufikia siku hiyo. Namba hiyo imekaririwa kila panapozungumzwa uandishi wa kiraia. Kinachosahauliwa ni kwamba kazi za raia hao zilipita kwanza mikononi mwa wahariri wa kuajiriwa, wakazichuja na kuzihakiki, na nyingine wakazikataa. Indymedia, mtandao uliozaliwa Seattle mwishoni mwa 1999 wakati wa maandamano dhidi ya Shirika la Biashara Duniani, ulichagua njia nyingine: yeyote apandishe habari yake, ionekane papo hapo. Hiyo ilikuwa fahari yao. Lakini vikundi vyake vingi vilijikuta baadaye vinaunda timu za kuficha matusi, ubaguzi na uzushi, yaani uhariri uliofukuzwa mlangoni ulirudi kupitia dirishani, umechelewa na umechoka.

Mfano unaofundisha zaidi ni Wikinews, ndugu mdogo wa Wikipedia, iliyoanza mwishoni mwa 2004. Toleo lake la Kiingereza lilijiwekea utaratibu kwamba habari haitoki mpaka isomwe na mhakiki ambaye hakushiriki kuiandika. Kinyozi hajinyoi. Mhakiki huyo alitakiwa kukagua mambo matano: haki miliki, kama jambo lenyewe ni habari, kama kila dai lina chanzo, kama maandishi hayaegemei upande, na mtindo. Hilo la tatu ndilo linalomaliza jioni ya mtu, maana sharti afungue kila chanzo kilichotajwa na kukilinganisha na sentensi iliyokitaja. Wahakiki walikuwa wachache, foleni ikarefuka, na habari ni kama samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam: ikilala siku mbili tatu mezani, hakuna wa kuitaka. Mwandishi aliyekesha akiandika aliiona kazi yake ikiachwa kwa sababu imepitwa na wakati, ingawa hakukosea popote. Alichokosa ni jicho la pili kabla jua halijatua. Ndiyo maana nasema anayeongeza waandishi kumi bila kuongeza mhariri mmoja ameongeza watu kumi wa kuvunjika moyo.

Ufundi wenyewe ni nini? Chukua sentensi ambayo kila msomaji wa Kiswahili amewahi kuiona, au ndugu yake: “Majambazi watatu walikamatwa juzi usiku baada ya kuiba mamilioni ya fedha katika duka la jumla, imeelezwa.” Kisarufi haina kasoro, na mwalimu wa lugha angeiwekea alama ya vema. Mhariri anaona mashimo manne. “Majambazi” kwa kauli ya nani? Waliokamatwa ni watuhumiwa. Wakisomewa mashtaka ni washtakiwa. Jina zito kuliko hayo husubiri hukumu. “Juzi” ni lini kwa mtu atakayeifungua habari hii mwezi ujao? Gazeti hufungia vitumbua kesho yake, lakini ukurasa wa tovuti unabaki. “Mamilioni” mangapi, na nani aliyehesabu? Kisha hiyo “imeelezwa” mwishoni: kitenzi kimemficha msemaji nyuma ya pazia, na lugha yetu, kwa wepesi wake wa kutendwa, inawapa wavivu mapazia mengi sana. Mhariri anauliza, anajibiwa, na sentensi, tarehe ikishaandikwa juu yake, inatoka hivi: “Polisi wanawashikilia watu watatu kwa tuhuma za kuiba fedha ambazo mwenye duka anasema ni Sh milioni nne.” Imepungua mshindo. Lakini sasa kila neno lina mwenyewe, na kama kesho mwenye duka atageuka kuwa na deni alilokuwa analificha, tovuti haikusema uongo.

Au chukua saa. Mfasiri wa kujitolea anapokea taarifa ya Kiingereza inayosema mkutano ni “8 p.m.”, anaandika “saa 8 usiku”, na kijiji kizima kinaambiwa kikutane wakati hata jogoo wamelala. Tarakimu ni ileile, tofauti ni saa sita. Programu ya kusahihisha tahajia haitaliona kosa hilo kwa kuwa hakuna herufi iliyopotea. Wapo watakaosema mashine itaifanya kazi hii. Kweli, mashine za kutafsiri zinaboreka, na mhariri asiyezitumia kwa kazi za kuchosha anajitesa bure. Ila anayejua kwamba wanakijiji hawafanyi mkutano usiku wa manane ni mtu aliyewahi kukaa kijijini.

Pingamizi zito kuliko hilo la mashine ni la ujira. Ufundi usiolipwa, watu husema, ni unyonyaji uliovikwa kanzu ya uzalendo. Pingamizi hili sitalipuuza. Tovuti inayoingiza fedha za matangazo huku ikiwaomba wahariri wake wafanye kazi kwa thawabu inawanyonya kweli, na mhariri mwenye akili aondoke. Lakini zipo tovuti ambazo kapu lao ni tupu kweli, na hata shilingi ikipatikana ina pa kwenda kabla ya kumfikia mhariri: Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai ada za leseni zilizozidi Sh milioni 2, na hapo seva haijalipiwa. Kwa tovuti kama hizo haki ya mhariri ni mipaka ya kazi inayojulikana tangu siku ya kwanza, jina lake kuandikwa pale ambapo kwa desturi halionekani, na usimamizi unaomkinga pale mwandishi anapomjia juu. Hayo hayanunui unga. Lakini mtu mwenye unga wake tayari anaweza kuyathamini kuliko posho ya kinafiki.

Wengine wanauliza: asiyesomea uandishi atawezaje kumhariri mwenzake? Historia ya magazeti ya Kiswahili ina jibu lake. Erica Fiah, Mganda aliyekuwa muuza duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937. Na Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, waliokusanya ripoti za simu na barua pepe na kuziweka kwenye ramani ya tovuti ya Ushahidi walikuwa wanablogu na mafundi wa kompyuta, wakijaribu kutenganisha kilichothibitika na kilichosikika tu. Walichohitaji zaidi ya cheti ni subira ya kutoamini haraka. Hofu ninayoiona ina msingi zaidi ni kwamba mhariri wa kujitolea atageuka bwana mkubwa, azuie habari za asiowapenda na kupitisha za wajomba. Mwamba ngoma huvutia kwake. Dawa yake naiona katika ule utaratibu wa Wikinews: usipitishe uliyoiandika, na sababu ya kukataa iandikwe mahali ambapo wengine wataisoma.

Basi mhariri atafutwe wapi? Si miongoni mwa waandishi hodari, kosa ambalo karibu kila msimamizi hulifanya. Mwandishi hodari akipewa habari ya mwenzake huiandika upya mpaka iwe yake, na mwenyewe asirudi tena. Tazama wasomaji. Yupo mmoja anayetuma ujumbe kila mara kusema wilaya mliyoitaja haimo katika mkoa huo, au marehemu mliyemzika ukurasa wa kwanza alikuwa na miaka 71 aya ya pili na 74 aya ya sita. Anakera. Huyo ndiye. Asiombwe “kujiunga na familia”. Aombwe habari mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, akiwa na mwenza wa kumwuliza. Kabla ya hapo wapewe, yeye na wengine watakaojitokeza, habari ileile ya aya tano yenye makosa yaliyopandwa. Mmoja atairudisha inang'aa, kila koma mahali pake, na mkutano wa kijiji bado uko saa 8 usiku. Mwingine ataziacha koma mbili zimepotea njia, lakini pembeni, kwa haraka, ameandika: “Saa nane ya wapi hii? Naomba namba ya mwenyekiti wa kijiji nimpigie.”