Kiti cha Waya: Kuwafunga Wenye Uwezo katika Riwaya za N. K. Jemisin

Riwaya za kifantasia zina mazoea ya zamani ya kumjengea mchawi nyumba ya peke yake. Mara nyumba hiyo huitwa chuo, mara mnara, mara kisiwa. Na sababu itolewayo huwa moja, kwamba mtu awezaye kuangamiza mji kwa hasira ya dakika moja hana budi kutengwa na wenye mji. Msomaji hupita juu ya sababu hiyo bila ya kuisaili, kwani hadithi inamwita mbele. N. K. Jemisin, mwandishi wa Marekani, ametusimamisha papo hapo kwa vitabu vitatu: The Fifth Season (2015), The Obelisk Gate (2016) na The Stone Sky (2017). Vyote vitatu vilipata Tuzo ya Hugo ya riwaya bora, mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo halikuwahi kumtokea mtunzi yeyote kabla yake.

Nchi ya vitabu hivi huitwa Stillness, yaani Utulivu, na jina hilo ni kejeli, maana ardhi yake haitulii. Mara kwa mara hupasuka, majivu yakafunika jua, na hufuata majira ya tano, ambayo ni ya njaa na mauti. Humo huzaliwa watu wenye uwezo wa kuihisi ardhi na kuituliza, ambao hapa nitawaita waorojini. Uwezo wao huweza kuchota joto la kila kilicho karibu, mti, mbuzi, hata binadamu, na kilichochotwa joto huganda kikafa. Mtoto wao akishtuka, aliye ubavuni pake yumo hatarini.

Hapa ndipo ninapomsifu mtunzi. Lalamiko la kawaida juu ya hadithi za namna hii ni kwamba mchawi hafai kuwa mfano wa mtu anayeonewa, kwa kuwa mnyonge wa dunia yetu hana moto mkononi, na anayemwogopa huogopa uzushi. Watunzi wengi hulikwepa lalamiko hilo kwa kuipunguza hatari mpaka isionekane. Jemisin haipunguzi. Essun, mama ambaye mwanawe mdogo ameuawa kwa kipigo na baba yake mzazi kwa kuwa amerithi uwezo huo, anapozuiwa katika lango la kijiji cha Tirimo anawaua watu wengi, wakiwamo wasiomkosea neno. Hofu ya wanakijiji, basi, ina msingi. Swali linabaki zito kama lilivyokuwa: je, wafungwe?

Dola imejibu kwa kujenga Fulcrum, chuo chenye bustani na ngazi za daraja zihesabiwazo kwa pete, na juu ya wanafunzi wake imeweka Walinzi. Msichana Damaya, aliyefichwa ghalani na wazazi wake, anachukuliwa na Mlinzi aitwaye Schaffa, mpole wa maneno. Njiani Schaffa anamvunja mkono kwa makusudi, apate kujua kama mtoto ataweza kujizuia katika maumivu, angeshindwa, angeuawa. Kisha anamwambia kuwa anampenda. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na kinachonitisha si ule mfupa. Ni kwamba Schaffa hasemi uongo.

Lakini hoja yote imo katika kiti. Alabaster, mwenye pete kumi, anamfikisha Syenite kwenye kituo kimoja cha kutulizia matetemeko, na humo wanakuta maiti ya mtoto katika kiti cha waya na mikanda. Mtoto huyo aliharibiwa ubongo, ikaachwa silika tu ya kuituliza ardhi, akalishwa kwa mirija. Wasioweza kujizuia ndiko wanakopelekwa. Ursula K. Le Guin aliwahi, mwaka 1973, kuandika juu ya mtoto aliyefungiwa chini ya mji wenye raha. Tofauti ni kwamba mtoto wa Jemisin ana kazi. Ndipo tunapoelewa kuwa chuo hakikujengwa ili watu wasalimike na waorojini tu. Kilijengwa ili waorojini watumike.

Mtu anaweza kunijibu kwa karantini. Kisiwa chetu cha Changuu kilijengewa gereza katika miaka ya 1890 lisilopata wafungwa, na majengo yake yakaja kutumiwa kuwatenga wasafiri kwa kuhofia homa ya manjano. Nakubali kwamba kutenga si dhuluma kila mara. Ila aliyetengwa Changuu alikuwa akihesabu siku, na siku zikiisha alipanda mashua. Mwana wa Fulcrum hana mashua. Hali yake inafanana zaidi na sheria za uchawi walizotunga Waingereza, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, zilizompa mtawala wa wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa akae mahali atakapoambiwa. Huko moto haukuonekana na mtu, shaka ilitosha.

Kisiwa kimo pia. Meov ni jabali la maharamia, na huko mwenye uwezo huo hafungwi, hupewa uongozi, kwa kuwa ndiye anayewakinga wenziwe na bahari na matetemeko. Ningependa mtunzi akae huko zaidi. Anatuonyesha kuwa njia nyingine ipo, kisha anatukumbusha kuwa watu wa Meov wanaishi kwa kupora merikebu za wengine, na kabla hatujalipima jambo hilo dola inafika. Syenite anamwua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe asije akatiwa katika kile kiti.

Kitabu cha tatu kinanipendeza kidogo zaidi ya vyote. Kinarudi nyuma hadi kwenye asili ya chuki, kwa watu wa Niess walioshindwa vitani na kusingiziwa maumbile yasiyo ya kibinadamu, na maelezo hayo, ingawa yana nguvu, yanatupa mlango wa kutokea: tunaanza kuamini kuwa tatizo zima ni uzushi wa kale. Mtoto anayeweza kuigandisha nyumba bado yuko kitandani, kaamka, analia.

Kitabu cha pili hakitoki kwa mlango huo. Watu wa Castrima, wakiahidiwa usalama iwapo watawatoa waorojini wao, wanaitisha kura. Essun analiangamiza sanduku la kura. Wako watakaouona huo kuwa udikteta. Mimi nauona kuwa sahihi, na naukiri kwa uzito, kwani aliyelivunja sanduku ni yule yule wa Tirimo.

Nilipojaribu kuvitafsiri vipande vichache kwa faida yangu, nilikwama katika neno la matusi, rogga. "Mchawi" halifai, kwa sababu kwetu mwenye elimu ile ile huitwa mganga tukimhitaji na mchawi tukimwogopa, na mwandishi hakulipa tusi lake upande wa pili. Ykka, kiongozi wa Castrima, amelichukua neno hilo akalifanya sehemu ya jina lake, hulitamka mbele ya watu bila ya kuinamisha macho. Katika daftari langu mahali pake pako wazi hadi leo.