Chungu cha Leiden na Mashamba Yaliyozama

Kila tarehe 3 Oktoba, mji wa Leiden, Uholanzi, husherehekea kuokoka kwake. Usiku wa kuamkia siku hiyo baa hufurika hadi barabarani. Asubuhi watu hupanga foleni kwenye jengo la zamani la mizani wapewe samaki wa heringi na mkate mweupe. Kisha huliwa hutspot: viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja.

Hadithi yake ni hii. Mwaka 1574 jeshi la Hispania lilikuwa limeuzingira mji, na maelfu walikufa kwa njaa na tauni. Usiku mmoja jeshi likakimbia. Yatima aitwaye Cornelis Joppenszoon akajipenyeza hadi kwenye ngome yao ya Lammenschans, akakuta chungu kina chakula. Makumbusho ya De Lakenhal yanatunza chungu kinachosemekana ndicho chenyewe.

Ni hadithi iliyosukwa vizuri. Njaa ya mji mzima inakomea mikononi mwa mtoto asiye na mtu. Ukiiweka kando ya ile ya Meya Van der Werf, anayesemekana kuwaambia wenye njaa wamle mkono wake, unapata mashujaa wawili na meza moja.

Ila hadithi ya chungu inaruka swali moja: jeshi lilikimbia nini? Lilikimbia maji. Tangu Agosti waasi walikuwa wamekata kingo za mito kwa makusudi, maji yakafunika mashamba, mashua zao zikapita juu ya nchi kavu ya jana kuufikia mji. Wakulima wa vijiji vile walilipa gharama ya uhuru wa Leiden, na katika hadithi ya chungu hawana hata jina.

Mimi natoka Endabash, Karatu, kwa watu wanaohesabu mwaka kwa mvua na mavuno. Hadithi yenye chakula kingi na mkulima hayumo hainipiti hivihivi. Nilipomwambia mwenzangu wa darasani, alinijibu, "Lakini mji uliokoka." Kweli, uliokoka. Na waliozamishiwa mashamba walikula nini mwaka uliofuata?

Sisemi kwetu tumeweza. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, lakini ikifika usiku viwanja ni vya muziki na nyama choma, na mkulima amebaki kwenye jina. Sikukuu hupenda kusahau, na ngoma haina kosa. Kosa ni la hadithi inayochezewa ngoma hiyo.

Tena hadithi hubadilika. Mwaka 1574 Waholanzi walikuwa bado hawali viazi. Viliingia kwenye hutspot baadaye, na leo hakuna anayelalamika. Kama chungu kilipata nafasi ya viazi, mkulima naye anaenea.